Nani Alimchinja Malkia?

Alhamisi saa mbili asubuhi, ukelele kutoka chumba cha kompyuta cha kigango ulimfanya Bi Theopista aangushe mkungu wake wa ndizi barabarani. Hakuuokota. Mkungu hauna miguu, lakini umbea unayo, na yeye alitaka kuuwahi.

Ndani alimkuta mjukuu wake Digna mbele ya kioo cha kompyuta, mikono kichwani kama mfiwa.

"Shikamoo, Bibi. Malkia amechinjwa!"

"Marahaba. Malkia gani? Mbona mimi niko hapa mzima?"

Malkia alikuwa ng'ombe wa ndani ya kompyuta. Vijana wa kigango walikuwa wamejenga kijiji chao cha Uru katika mchezo wa matofali: kanisa, mfereji, migomba, kila kihamba, shamba la ukoo, na nyumba yake, kila nyumba na sanduku lake. Katika mchezo ule unaandika amri, kiumbe kinatokea. Ukiongeza maneno, kinakuwa unavyotaka. Digna alimpa Malkia ukubwa wa trekta, akamwekea na amri ya asife. Jumatatu akaongeza mbili: asisogee, asilie. Jumamosi angempeleka kwenye maonyesho ya vijana Moshi mjini, na hakutaka atumbukie korongoni kabla ya siku yake.

Sasa zizi lilikuwa tupu. Ilibaki ngozi tu, imetundikwa ukutani vizuri kabisa.

"Na kompyuta inasema ni mimi," Digna alisema, sauti ikikatika. "Jana saa kumi na moja jioni, kwa akaunti yangu, mtu kafuta amri ya asife, kisha akamchinja. Niliiacha akaunti wazi, Bibi. Mwenyewe nilikuwa bondeni nakata majani."

"Nani alikuona?"

"Majani."

"Mashahidi wazuri, ila tumeshawalisha ng'ombe." Bi Theopista akavuta kiti. "Amri ya kutokufa, nani anajua kuifuta?"

"Mimi, Given, na kaka Fredy. Na Katekista Filemon, wiki iliyopita alipokuja kukagua kama kuna dhambi humu. Alinibana nimweleze amri moja moja. Akasema ni upuuzi, akaondoka."

Jioni hiyo kamati ya kigango ingekaa. Ikiamini kwamba Digna ameharibu kazi ya wenzake, jina lake lingefutwa kwenye safari ya Moshi. Na mwenyekiti alikuwa Filemon huyohuyo, ambaye alishapita kusema kompyuta haina ndugu wala adui.

Filemon na Bi Theopista walikuwa hawaivi chungu kimoja. Kisa ni mbege, pombe ya ndizi. Siku moja kwenye sherehe Theopista alionja mbege ya Filemon akatangaza mbele ya wageni kwamba ni nyepesi mno, hata mtoto angeweza kubatizwa nayo. Tangu hapo Filemon akichinja Krismasi, nyama hupita mbele ya mlango wa Theopista kana kwamba hakuna nyumba.

Bi Theopista akaanza uchunguzi na Given. Huyu wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya miwa kule chini. Uru alikuwa mgeni, anakaa kwa shangazi yake. Tembo aliyemtengeneza alishindwa kura na Malkia.

"Ulikasirika?"

"Nilikasirika sana, Bibi. Tembo wangu alikuwa mkali kuliko huyo ng'ombe. Ila mimi ningemgeuza kuku! Kuku saizi ya trekta, watu wacheke mpaka basi. Kuchinja kuna raha gani?"

"Na ungechinja, nyama ungeifanyaje?"

"Ningeiacha hapohapo chini. Kwani nyumba zenu nazijua? Zote naziona zinafanana, migomba tu."

Bi Theopista akamtazama, akaridhika. Uongo wa vijana aliujua. Huwa na maelezo mengi kuliko hayo.

Fredy, msimamizi wa chumba, alikuwa mtoto wa dada yake. Alikiri kwamba kila jioni saa kumi na moja huenda kula mtori wa ndizi kwa mama yake na kuacha mlango wazi.

"Mama mdogo, kuna jambo baya zaidi," alisema, akishika kipanya. "Nyama imegawanywa. Ona."

Akafungua masanduku, nyumba kwa nyumba. Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa kwa Mzee Athanas, mkubwa wa ukoo. La pili kwa Dominika, mjane. Kisha majirani wote, kila mtu na chake, hata shangazi yake Given.

"Sanduku moja tu ni tupu. La kwenu, wewe na Digna. Ndiyo maana watu wanasema ni Digna: mchinjaji kagawa, kajisahau mwenyewe."

Bi Theopista alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Shangazi zako walisema nitakufa kwa ulimi," alisema akifuta machozi. "Kumbe ulimi huohuo utaniokolea mtoto."

Jioni kamati ilikaa chumbani mle mle. Filemon alikalia kiti cha mbele. Alitazama dari, alitazama viatu, ila kwa Digna hakutupa jicho.

"Kabla hamjamfuta mtoto, nina swali la mfugaji," alisema Bi Theopista. "Katekista, wewe Malkia ulimwona?"

"Mara moja tu, siku ya ukaguzi. Mambo ya kitoto."

"Basi unajua alikuwa ng'ombe mwenye afya. Aliyemchinja ni katili na mroho, kaona nyama tu."

"Mroho!" Filemon alisimama. "Ng'ombe yule alikuwa hali kitu! Hacheui, halii, unamwekea majani mdomoni hayagusi, kasimama kama nguzo! Ungemwacha ateseke?"



"Siku ya ukaguzi Malkia alikuwa anatembea na kulia," Bi Theopista alisema polepole. "Amri za kumsimamisha na kumnyamazisha zimewekwa Jumatatu. Wewe uliyemwona mara moja tu, nguzo uliiona lini?"

Bi Theopista akawageukia wanakamati.

"Given angeacha nyama chini. Huyu wetu kaanza kwa mkubwa wa ukoo, akaenda kwa mjane. Ni mtu wa hapa, na ana adabu. Ila adabu yake iliishia mlangoni kwangu. Fredy akininyima nyama, mama yake atamnyima mtori. Digna akininyima, nani atampikia? Uru nzima anayeninyima nyama ni mmoja, na hata ndani ya kompyuta mkono wake ulikataa."

Filemon akavua miwani.

"Nilikuja kutafuta dhambi," alisema, "nikakuta zizi. Langu ni tupu tangu mgongo ulipokataa kukata majani. Basi nikawa nakuja kila jioni, Fredy akienda kula, namtazama tu. Jumatatu nikamkuta hasogei. Jana nikasema, mnyama asiyekula haachwi ateseke. Nikamchinja, nikagawa. Sikujua nipo kwenye akaunti ya nani. Asubuhi mtoto alipotajwa, nikaona aibu, Katekista nimeshikwa na mchezo wa watoto. Nikamwachia abebe msalaba wangu."

"Babu, hakuwa anaumwa," Digna alisema. "Nilimwambia tu asisogee."

Filemon akatoka nje bila kuaga. Watu wakadhani kakimbia. Akarudi na majani mawili ya isale, ameyachuma kwenye uzio. Moja akamkabidhi Digna kwa mikono miwili. Kwa Wachaga jani hilo ni la kuomba msamaha, likikujia hukatai. Digna akalipokea, kisha akaketi, akaandika amri. Malkia akasimama tena zizini, mkubwa kama trekta, na safari hii akalia, akageuza kichwa.

"Mpe majani kwanza," Filemon alisema, amesogea hadi pua karibu iguse kioo. "Halafu jenga ua, asitumbukie. Jumamosi nitakuja Moshi kumwangalia."

Jani la pili likaenda kwa Bi Theopista.

"Nalipokea," alisema. "Na nyama yangu?"

Kwa kidole kimoja, Filemon akachota fungu kutoka sanduku lake mwenyewe, akalitia katika lile lililokuwa tupu.

"Jumapili njoo nyumbani," alinong'ona. "Nimepika mbege upya. Nzito."

"Nitakuja. Ila nitabeba kichanga cha jirani cha kubatiza, isije ikawa ileile."