Kamba ya Mohdhar

Siku ya tatu tangu itundikwe uani kamba ilikuwa ingali inatona maji, na jua la mtaa wa Shika Adabu siku hizo lilikuwa kali la kupasua mawe.

"Jumaa, kamba hini mbona haikauki?" Kulthum alimuuliza mumewe, ndoo ya nguo mkononi.

"Ni nene tu. Iwache."

Uongo mtupu. Jumaa alikuwa mshika kamba wa wazamiaji tangu mwaka wa themanini na mbili, na kamba alizijua kuliko vidole vyake. Hii ilikuwa ya Mohdhar, fundi aliyewafunza wote kuchomelea mabomba ya mafuta chini ya bahari, mtu ambaye hata wakubwa wa kampuni walimtangulizia salamu. Mkondo ulimchukua mwaka huo wa tisini na moja, chini ya gati, kamba ikarudi tupu mikononi mwa Jumaa. Maiti haikuonekana. Aliswaliwa bila jeneza.

Basi siku ya arobaini, hitima ilipokwisha, wenzake hawakuwa na kaburi la kuzuru, wakaenda gatini. Katana, mzamiaji mwenzake, ndiye aliyetoa shauri: wamshushie kamba yake, waivute mara moja, ile ishara ya kumuuliza mtu wa chini kama yu salama, kisha wamuage. Hakuna aliyeona ubaya. Jumaa akavuta mara moja. Kamba ikajibu mara nne.

Mara nne maana yake "nivuteni". Mshika kamba akiisikia nne hafikiri, mikono hutangulia akili. Walivuta wakilia, wakiliita jina lake, kamba nzito kama ina mtu, hata ilipokaribia kutoka majini ikawa nyepesi ghafla. Ncha yake haikuwa na kitu, ila ilinuka mafuta na matope ya kale. Jumaa akaichukua nyumbani iwe kumbukumbu. Masikini, laiti angejua!

Siku ya nne, adhuhuri, nyayo za maji zilitoka uani zikapita sebuleni, moja baada ya moja, bila miguu ya kuzikanyaga, na Jumaa aliyekaa na sahani yake ya wali akaziona zikiingia chumbani alimojinyoosha Kulthum, akangoja zitoke, akangoja mpaka wali ukapoa, zisitoke. Tangu hapo Kulthum hakula tena. Aliomba maji ya chumvi tu.

Akaitwa Mwalimu Abdillahi, na ubani wake na msahafu wake. Alisoma mpaka kanzu ikalowa jasho.

"Uliye ndani," akanong'ona, "ndiwe Mohdhar?"

Kulthum akacheka kwa sauti nzito isiyo yake. "Mohdhar yuko chini. Tangu azame alinikumbatia miguu nisipande. Nyinyi mkanivuta, mkaniponyosha mikononi mwake."

Katana, aliyesimama mlangoni, aliangua kilio.

"Mwalimu, mtoe," Jumaa akasihi. "Ni mke wangu. Wallahi sina mwengine duniani."

Mwalimu akafunga msahafu. "Jini aliyejileta hufukuzwa, mwanangu. Huyu mumemtoa wenyewe, tena kwa mapenzi. Wa kumzuia alikuwa mmoja, na mumempokonya." Akatafuta viatu vyake.

Kulthum akalala. Maji yalimtoka masikioni, yakaulowesha mto, na Jumaa akakaa kando yake ameushika ule mkono wa baridi, asijue ni mkono wa nani.