Katuni ya Mama Vénérande

Picha ilikuwa na mwezi mzima ukutani, rangi imeshakauka, ndipo ikaanza kutoa jasho.

Ladislas alikuwa mchoraji wa mabango hapa Mpanda. Wenye saluni na baa walimpendea katuni zake: watu wenye macho kama sahani, sungura waliovaa suti wakivuta sigara. Kwenye ukuta wa saluni ya Zubeda alimchora Mama Vénérande, muuza dagaa aliyekuwa na tezi shingoni. Alimgeuza bata, na tezi akalifanya puto. Wateja walicheka mpaka machozi. Siku Mama Vénérande alipopita akajiona, alifunga kitenge shingoni, na sokoni hakurudi tena. Wiki tatu baadaye wakamzika.

Sasa, mchana wa jua kali, ukuta ulikuwa unanuka dagaa.

"Fundi, njoo usikie," Zubeda alinong'ona. "Anameza mate."

Ladislas akatega sikio. Kweli, mtu alikuwa anameza. Akaikwangua picha, akapiga chokaa mara mbili, lakini puto likajitokeza tena, limevimba kuliko alivyolichora, na alipoligusa lilikuwa la moto na laini kama nyama, likipanda na kushuka chini ya kiganja chake, huku ile harufu ikimjaa puani na kooni hadi akashindwa hata kumwita Zubeda aliyesimama hatua mbili nyuma yake.

Aliitwa mganga, Mzee Rehani. Akasoma dua, akatikisa kichwa.

"Huyu si marehemu. Ni jini, kaitwa na vicheko vyenu. Aliyechora aombe radhi mbele ya waliocheka."

Jumamosi asubuhi wakakusanyika. Jeannine, binti wa marehemu, alisimama mbele. Ladislas akapiga magoti, uso ukimwaka kwa aibu.

"Dada Jeannine, nilipofika mjini hapa sina ndugu, mama yako ndiye aliyenilisha. Mimi nikamfanya kichekesho. Nisamehe."

Puto likabanduka ukutani, likaanguka kama ganda.

"Ametoka humo," Mzee Rehani akasema.

Jeannine alifuta machozi, akafungua mdomo kumjibu. Ndipo mtu akacheka, kicheko kirefu cha dharau. Watu wakageuka huku na huku kumtafuta, kisha wote wakamtazama Ladislas. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, anatikisa kichwa, machozi yanamtiririka, anataka kusema si mimi, lakini kila alipovuta pumzi kicheko kilizidi.

Jeannine akageuka, akaenda zake.