Aliyewasha Moto wa Kwanza

Sirkku Nevalainen ni jirani yetu. Haya alinihadithia mara moja tu, akiwa anaosha vikombe, mgongo kanipa mimi, uso kaupa dirisha. Ukitaka kujua mtu ana aibu kiasi gani, mtazame anavyosugua kikombe ambacho hakina uchafu.

Ilianza Jumanne moja ya mwezi wa tisa, siku isiyo na kasoro. Ziwa limetulia, jua lipo, Sirkku kapakia mikate midogo ya unga mweusi iliyojazwa uji wa mchele, na wote watatu wamo garini kwenda kuchagua jiko la kupasha nyumba joto. Kulikuwa na Sirkku mwenyewe, Reijo mumewe, na nyuma bibi Hilja, mama yake Reijo, miaka themanini na sita, mkoba mapajani. Nyumba ilikuwa ya Hilja. Nalisema mapema hilo kwa sababu baadaye kila mtu alijitia kulisahau. Hao wawili walikuwa wamehamia kwake mwezi wa tano, eti kumtunza.

Mwezi huohuo msafisha dohani alilipiga marufuku jiko la zamani. Lilikuwa la matofali, kubwa kama chumba, na juu yake kuna jukwaa ambapo Hilja alilala kila baridi tangu afiwe na mume. Lina ufa, akasema yule bwana, moshi wenye sumu utawamaliza usingizini. Likabomolewa kwa siku mbili. Hilja alikaa kwenye ngazi za sauna, kibanda cha kuogea mvuke, akiwatazama wakitoa matofali.

Kwetu Juuka, huku kaskazini kwenye baridi, jiwe la sabuni, lile laini linalotunza joto, linachimbwa karibu na majumba ya watu, kwa hiyo kuchagua jiko lake si kazi ya kupita na kuonyesha kidole. Muuzaji aliwauliza kama daktari.

"Mnapasha moto mita ngapi za mraba?"

"Tisini na mbili," akajibu Reijo.

"Mtawasha mara ngapi?"

"Mara moja kwa siku, asubuhi."

"Basi nunueni uzito. Jiko jepesi ni kama mchumba mwenye maneno matamu, linapoa kabla ya chakula cha jioni. Hili hapa, tani mbili kasoro, ukilishibisha asubuhi litakupa joto mpaka kesho yake."

Yalikuwa mawili yaliyofaa. La kwanza lilikuwa na kiti cha jiwe ubavuni, kirefu, moshi ukipita chini yake kabla ya kupanda dohani, ili mtu aketi na kupata joto toka kiunoni hadi kisigino. La pili halikuwa na kiti. Lilikuwa jembamba, refu, lina kioo kikubwa mbele. Sirkku alikuwa ameshaliona kwenye picha, na alishajiona kwenye sofa mpya akitazama moto kama watu wa magazetini.

Hilja hakutazama picha. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile lenye kiti, akavua glovu, akaweka kiganja, kisha shavu.

"Hili," akasema.

"Bibi anajua jiwe," muuzaji akacheka.

"Mama, lina kiti kirefu hivyo, litameza nusu ya sebule," Sirkku akasema, kwa ile sauti laini watu wanayowapa watoto na wazee wanapotaka kuwanyima kitu.

"Mimi nahitaji kipande tu. Siku hizi nimekuwa mdogo."

Reijo alikuwa anasoma karatasi ya vipimo kwa bidii ambayo hata Biblia hajawahi kuisoma. Hakuinua macho. Wakanunua lile jembamba.

Fundi Tauno alilijenga kwa siku tatu. Ni mtu wa maneno mengi, mikono myeupe kwa unga wa jiwe. Alipomaliza akatandika vijiti vichache ndani pamoja na gome la kuwashia, kisha akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni.

"Jiwe bichi lina maji," akasema. "Siku saba moto wa kiganja tu. Ukiharakisha, litapasuka. Haya, nani anawasha?"

"Si wewe fundi?" Sirkku akauliza.

"Mimi? Nimejenga majiko mia tatu na sijawasha hata moja! Mke wangu anataka nikifa nipumzike, siyo niwe mlinzi wa sebule za watu."

Reijo akacheka kidogo. Sirkku pia. Lakini kila mtu kwetu anajua wazee walichosema: anayewasha moto wa kwanza kwenye jiko jipya ndiye hutangulia kufa, na akitangulia haondoki. Hubaki na nyumba. Moto ni wake.

"Ushirikina mtupu," Sirkku akasema. Yeye ni mtu wa duka la dawa, msomi, anavaa koti jeupe. Kiberiti kilikuwa mezani, hatua moja kutoka mkono wake. Mkono haukwenda.

Reijo alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni.

Ndipo Sirkku akachukua kiberiti, akageuka, akampelekea Hilja kwenye kiti chake cha dirishani.

"Mama, wewe ndiye mwenye nyumba. Tuwashie."

Miezi minne hakuna aliyekuwa amemwita mwenye nyumba.

"Leo nimekuwa mwenye nyumba?" Hilja akauliza.

Fundi Tauno akaanza kukusanya vifaa vyake, chap chap.

"Unajua unaniomba nini, mwanangu?"

"Ni kiberiti tu, mama."

Hilja akakipokea kiberiti. Akashika ukingo wa meza, akainuka, akapiga magoti mbele ya lile jiko licha ya ubovu wa magoti yake. Akawasha. Moto ukashika mara moja, bila moshi hata kidogo, kama uliokuwa ukimsubiri.

Sasa sikiliza hili, maana hapa ndipo Sirkku alipokisugua tena kikombe kilichokwisha takata, bomba la maji likichuruzika. Wakati anampa Hilja kile kiberiti, fomu za nyumba ya kutunzia wazee zilikuwa zimeshatumwa. Wiki mbili nyuma. Zimesainiwa, zimejibiwa, chumba kipo. Hilja alikuwa hajaambiwa.

Walimpeleka siku ya tano ya vile vimoto vidogo. Hakulia. Alipokuwa anafungwa mkanda garini alisema tu, "Bado siku mbili. Msilishtue jiwe." Wakamwahidi atakuja sikukuu ya Krismasi. Krismasi barabara ilikuwa na barafu, wakasema mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza, tarehe kumi na tisa, wakapigiwa simu.

Baada ya mazishi walikwenda kwa dada yake Sirkku, siku nne. Walirudi Jumapili, saa tano asubuhi, nje baridi ya nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Sirkku alifungua mlango akiwa amejikunyata, akitegemea nyumba ya barafu.

Nyumba ilikuwa na joto.

"Jiwe linatunza," Reijo akasema, akivua viatu.

"Siku moja, Reijo. Siyo nne."

Akafungua jiko. Hakuna kaa. Majivu yalikuwa baridi, yamefagiliwa vizuri kwenye kona, kwa mkono. Alama za vidole zilionekana.

Wakanywa kahawa.

Kuanzia hapo Sirkku alianza kuligusa lile jiko. Jioni, jiko likishapoa, akipita anagusa. Mbele, poa. Nyuma, poa. Ubavu wa kushoto, ule unaotazama dirisha, ambapo kile kiti kingekuwa, joto. Si ubavu wote, ni sehemu moja tu, ya mviringo, upana wa mabega membamba. Ilikuwa chini, usawa wa paja la mtu aliyesimama. Akachuchumaa kupima. Ilikuwa usawa wa mgongo wa mtu aliyeketi.

Siku moja mwezi wa pili alikuwa peke yake. Saa kumi na moja jioni, nje kumeshaingia kiza kama kawaida ya majira yale. Moto ulikuwa haujawashwa tangu asubuhi. Alikuwa kwenye sofa yake, anatazama kioo cha jiko, kioo kile alichokipenda. Kikaonyesha sebule yote. Taa. Sofa. Yeye mwenyewe.

Na kushoto, mtu.

Mdogo. Kainama. Mkoba mapajani.

Sirkku akageuza shingo. Kushoto hapakuwa na kitu. Sakafu tupu.

Akarudisha macho kwenye kioo. Yupo.

"Mama?" akanong'ona.

Akasikia ile pumzi ambayo wazee huitoa wanapokaa, "aaah," ya mtu ambaye mifupa yake imechoka siku nzima. Ikakatikia katikati. Kama mtu aliyetaka kukaa akakuta hakuna kiti.

Kisha tena. "Aaah." Ikakatika.

Tena.

Ilikatika mara saba kabla Reijo hajarudi. Sirkku alizihesabu kwa sababu hakuweza kuinuka.

Reijo alimkuta sakafuni, analia, kaweka mto wa sofa ubavuni mwa jiko.

"Unafanya nini?"

"Hana pa kukaa." Akausogeza mto karibu zaidi na jiwe. "Reijo, nisikilize. Kile kiberiti. Nilimpa nikijua. Sikumpa kwa heshima. Nilisema moyoni, yeye kashazeeka, ngoja iwe yeye. Niliogopa. Na fomu nilikuwa nimeshazituma. Nilimfunga kwenye nyumba nilimokuwa namfukuza."

Alitegemea mume atapiga kelele. Alitaka apige kelele. Reijo akakaa chini kwenye sakafu na koti lake, theluji ikiyeyuka mabegani.

"Nilijua," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa mlangoni. Nilikuona unavyokwenda kwake, nikajua kwa nini. Nikaweka mikono mifukoni."

"Ni mama yako."

"Ndiyo."

"Ungesema neno moja tu!"

"Nilifurahi, Sirkku. Nilifurahi hukuja kwangu."

Walikaa hapo, wawili, watu wazima wenye kazi na heshima zao kanisani, wakiogopa kutazamana. Ubavuni mwao jiwe lilikuwa na joto.

Kesho yake wakampigia fundi Tauno. Walitaka kiti, kile kirefu cha jiwe. Kama hakuna nafasi, sofa itoke.

Tauno alikuja na vipimo vyake na maneno yake. "Heee, sasa mnataka kiti! Muuzaji kanihadithia: mama mtu alivyokitaka mlimwambia nini? Haya, sogeeni." Akapiga magoti ubavuni mwa jiko kupima.

Akapitisha kiganja juu ya jiwe. Akakirudisha. Akaomba taa, akaiweka pembeni ili mwanga upite juu ya jiwe kwa upande, ndipo na wao wakaona. Palikuwa na bonde. La kina kifupi, laini kama sahani, mviringo, upana wa mabega membamba.

"Hili jiwe nililiweka mimi, na lilikuwa bapa," akasema. "Nililipima. Ni laini, sawa, ukucha unalikwaruza, lakini hii siyo patasi wala msasa. Bonde kama hili nimeliona kwenye majiko ya zamani, yale ambayo vizazi viwili vimeegemea." Akawatazama. "Mama yenu aliegemea hapa muda gani?"

Reijo akatazama dirishani.

"Hakuegemea," Sirkku akasema. "Hatukumpa pa kukaa."

Tauno alijenga kiti kwa siku mbili, hakupiga soga, na kahawa hakunywa. Kilipokamilika, lile bonde likawa sawasawa na mgongo wa mtu aliyeketi, kana kwamba lilipimwa.

Zile pumzi zinazokatika hazikusikika tena. Mtu angesema mambo yameisha, na Reijo husema hivyo. Lakini kila asubuhi, Sirkku akiamka, juu ya kile kiti kuna vumbi jeupe la jiwe, laini kama poda, limeanguka upya. Hulifuta kwa kitambaa kabla mumewe hajaamka.

Kisha huweka kidole ndani ya lile bonde. Wakati Tauno anaondoka kilizama mpaka kwenye ukucha. Sasa kinaingia mpaka kiungo cha kwanza.