Kichwa cha Tano

Wanaodai majini hutoka usiku tu hawajawahi kufanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili. Huyu ninayewaletea alikuja saa nane mchana, jua linawaka, chai bado ya moto kwenye chupa. Anayebisha akaulize mlango wenyewe.

Mlango huo haukuwa na kitasa kwa ndani. Mlinzi aliufungua kutoka nje, na kabla ya kufungua alichungulia kidirishani akahesabu vichwa. Wameingia wanne, waonekane wanne; pakizidi au kupungua, hafungui hata aje mfalme. Sheria hiyo aliitunga muuguzi mkuu, Mama Hesabu, akaringa nayo kama mtu aliyejenga daraja. Jina lilimkaa: hata wanawe watatu nyumbani aliwahesabu kila wanapolala.

Siku hiyo waliingia yeye, daktari wa wodi, bingwa wa magonjwa ya akili aliyetumwa na mahakama, na mgonjwa. Mgonjwa alikuwa mwendesha mashine ya unga. Asubuhi moja aliwaua wenzake saba kazini, kisha akakaa kitako kuwasubiri polisi.

"Huyu mzima," bingwa alisema. "Alianza kwa kufunga mlango. Kichaa hafungi mlango."

"Mheshimiwa, kichaa anafunga mlango, anapiga pasi, na tai anavaa," daktari akajibu. "Njoo kwenye vikao vyetu vya wafanyakazi, utaamini."

Mama Hesabu akabana kicheko.

"Basi ni chuki," bingwa akasema.

"Chuki na nani? Mmoja alikuwa shemeji yake, wakila sahani moja!"

Walivutana hivyo saa nzima, mgonjwa akiitazama meza kama vile anasengenywa jirani yake. Ndipo ikaingia harufu ya unga unaoungua. Na jengo lile halikuwa na jiko.

"Mbona mimi hamniulizi?" mgonjwa akanong'ona. "Sikuwa na chuki. Nilianza tu kuhesabu. Niko mbali nao, lakini nawahesabu mmoja mmoja, kuanzia aliye karibu na mlango. Sauti yangu, ila mwenye kuhesabu si mimi. Iliponyamaza, wote walikuwa chini."

Bingwa akafunga faili. "Anaigiza. Sista, tutoke."

Mama Hesabu akagonga. Jicho la mlinzi likaja kidirishani.

"Dada, mko wangapi humo?"

"Wanne, kaka. Acha utani."

"Mimi naona watano."

Mama Hesabu akageuka, akamwona daktari, akamwona bingwa, akamwona mgonjwa, na nyuma ya kisogo chake, pale kati yake na mlango pasipotosha hata paka kupita, kitu kikapumua polepole, pumzi ya moto kama ya mashine iliyosaga kutwa, na kila alipogeuka nacho kikageuka, na harufu ya unga ikamjaa puani, huku bingwa, yule yule wa "huyu mzima," akiupiga mlango kwa viganja na kulia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

"Fungua, kaka!"

"Sheria uliiandika wewe, dada," mlinzi akajibu. "Watano sifungui."

Mara harufu ikakatika.

"Wanne," mlinzi akasema, na kufuli likalia.

Mgonjwa akaangua kilio, machozi ya kwanza tangu aletwe. "Ameniacha! Jamani, ameniacha. Nimefanya nini mimi?"

Daktari na bingwa walitoka wakikanyagana. Mama Hesabu akainua mguu avuke kizingiti, zamu imeisha, nyumbani kunamwita. Na kichwani akasikia sauti yake mwenyewe, tulivu kabisa: kitinda mimba analala karibu na mlango, mmoja. Pacha mkubwa, wa pili. Pacha mdogo, wa tatu. Bibi yao kwenye kochi, wa nne.

Akaurudisha mguu.

"Toka basi, dada. Watoto wanakusubiri."

"Mtoe huyu mgonjwa. Kisha funga."

"Nikufungie wewe?"

"Funga, kaka. Na jioni nikikuita kwa upole, nikakuapia kwa wanangu kwamba niko mzima, usifungue."