Mashine Isiyochemka

Mimi ni fundi wa kompyuta, tena mwenye maringo na kazi yake. Nasema mapema ili nisionewe huruma nisiyostahili.

Jioni ile jua likizama, nilimsindikiza mdogo wangu kununua laptop ya kuchezea gemu. Ndiye kitinda mimba wetu, nyumbani tunamwita Tinda. Mama alipofariki aliniachia yeye tu. Timu yake ilikuwa imeingia mashindanoni, na laptop yake kuukuu ilikuwa ikikwama kila adui akitokea.

"Dada, usianze mahubiri yako," alinionya njiani.

Nikaanza. Laptop ya gemu ina mambo matatu: nguvu, kioo na upoaji. Watu hukimbilia nguvu, wakanunua prosesa kali na kadi kubwa ya picha, halafu mashine ikichemka inajipunguza mbio yenyewe isiungue. Kioo nacho kiwe chepesi kubadili picha, maana adui hasubiri mtu. Lakini bila upoaji, hivyo vyote ni kazi bure.

"Amina," akasema Tinda.

Muuzaji alikuwa mama mtu mzima, kwenye nyumba iliyofungwa madirisha yote. Sisi jasho lilikuwa linatutiririka, yeye amevaa sweta mbili. Laptop ilikuwa ya mwanawe, alisema. Hakusema mwanawe yuko wapi. Akatuonyesha chumba, yeye akabaki mlangoni.

Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Nikaanza na kioo. Nikaweka rangi nyeupe tupu, nikatafuta vidoa. Hakuna. Nikaweka nyeusi tupu nione kama mwanga unavuja pembeni. Hauvuji. Kwenye weusi ule nikaiona sura yangu, ya Tinda, na nyuma ya Tinda kijana mwembamba aliyeinama kutazama.

Nikajua ndiye mwanawe ameingia. Nikageuka nimsalimie.

Hakukuwa na mtu...

Mama alikuwa palepale mlangoni, peke yake. Nikajisemea ni macho tu, kutwa nzima nahangaika na skrubu ndogondogo.

Kisha nguvu na upoaji. Tinda akacheza gemu nzito kuliko zote kwa nusu saa, mimi kiganja changu kikiwa kwenye matundu ya hewa. Picha hazikukwama hata mara moja. Kiganja hakikupata joto. Hakikupata hata upepo. Nikainamisha sikio.

Feni zilikuwa kimya.

Fundi mwenye akili angeshtuka hapo. Mashine ikifanya kazi hutoa joto, na joto hilo lazima liende mahali. Mimi nilifurahi, nikadhani nimeokota dhahabu.

"Huifungui kwanza, fundi?" mama alininong'oneza.

Kila mashine iliyokwisha kutumiwa na mtu huwa naifungua kabla ya kuichukua. Napuliza vumbi, nafuta ile dawa ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, napaka mpya. Siku ile maringo yakanipanda kichwani. "Mashine inayopoa hivi haifunguliwi, mama. Ukiona vyaelea, vimeundwa."

Akafumba macho. "Haya," akasema.

Wiki ile Tinda alishinda michezo yote. Siku ya tatu aliomba blanketi mchana wa jua kali. Siku ya tano chai ilikuwa ikipoa mikononi mwake kabla hajainywa. Daktari alipima damu asione kitu.

"Sivisikii vidole, dada," aliniambia akicheka. "Lakini vinacheza vyenyewe."

Siku ya saba nilirudi kazini jioni nikamkuta anacheza, midomo imempauka. Nikamwita. Hakugeuka. Nikatoa kwenye mkoba kile kipimajoto changu cha kazini, kinachopima kwa kuelekezwa tu. Nikakielekeza ukutani: nyuzi thelathini. Kwenye mashine: ishirini.

Kwenye mkono wa Tinda... kumi na tisa.

Mwili wa mtu aliye hai haushuki hadi kumi na tisa.

Mchezo ukafika mwisho wa raundi na kioo kikawa cheusi. Nikamwona tena yule kijana. Safari hii hakuwa anatazama. Mikono yake ilikuwa juu ya mikono ya mdogo wangu, vidole juu ya vidole.

Niliinyakua ile laptop na kuikimbiza mezani kwangu. Nyuma yangu Tinda alianguka kutoka kitini. Nikaipindua, nikachomoa betri kwanza kama nifanyavyo siku zote, nikafungua mfuniko.

Feni zote mbili zilikuwa zimefungwa kwa nywele za mtu, zimezungushwa na kukazwa kwa mafundo madogo saba. Juu ya prosesa, mahali pa ile dawa, palikuwa na kitambaa cheusi chenye kucha ndani yake.

Nikampigia simu yule mama.

"Ilikuwa inamchemkia mwanangu," alininong'oneza. "Ikawa inamwangusha kwenye michezo. Akasema amepata mtu wa kuipoza. Nikamkuta amekaa kitini, mikono ipo kwenye vitufe. Alikuwa wa baridi, fundi. Na ile mashine ilikuwa inaendelea kucheza."

"Na ukatuuzia!"

"Mimi niliogopa kuifungua. Nikasema nitampa fundi, fundi ataifungua." Alikuwa analia. "Nilikuuliza, mwanangu. Si nilikuuliza?"

Nilimchukia, na nilijichukia zaidi.

"Nikizikata hizi nywele, itakuwaje?"

"Sijui. Wallahi sijui. Yule aliyezifunga hatujamwona tena."

Sakafuni Tinda alikuwa anapumua mara moja, halafu kimya kirefu... halafu mara moja tena. Nikashika mkasi. Nikakata fundo la kwanza, la pili, yote saba.

Feni zikazunguka.

Betri ilikuwa mezani, mbali na mashine, nami naiona kwa macho yangu. Feni zikazunguka kwa kasi zikinguruma, na hewa ya moto ikanipiga usoni na harufu ile ya nywele zilizoungua. Tinda akapiga ukelele. Kisha feni zikasimama.

Nilimbeba nikamlaza kitandani. Rangi ilikuwa imemrudia, jasho linamtoka kichwani, anapumua kama watu. Nililia kwa sauti bila haya. Nilimshika mkono wa kulia, ulikuwa na joto, joto zuri la mdogo wangu.

"Dada," akasema, macho bado ameyafumba. "Mwambie aniachie sasa."

Nikauangalia mkono wa kushoto. Ulikuwa umening'inia nje ya shuka upande wa pili wa kitanda, vidole vimekunjwa vikishikana na kitu nisichokiona. Nikaugusa.

Ulikuwa baridi bado.