Kapu Lisifike Jikoni

"Kasa, Kasa. Kapu limetoka hotelini. Hilux nyeupe, ya kukodi. Lisifike jikoni. Narudia, lisifike jikoni."

"Nimekusikia, Mkuu."

Masina Levaopolo aliirudisha simu ya upepo kwenye dashibodi, Motorola kuukuu iliyoshikiliwa na utepe wa gundi, akakanyaga mafuta. Nissan ikakohoa, ikafikiri kidogo, ndipo ikaondoka. Goti lake la kushoto likalalamika. Lilikuwa na haki ya kulalamika.

Miaka hamsini na minne. Miezi minane kabla ya kustaafu. Na bado anafukuzana na magari kabla hajanywa chai!

Kapu lilikuwa mkoba wa ngozi wa mgeni mmoja aitwaye Krail, wakala wa kampuni ya meli za uvuvi. Jiko lilikuwa ofisi ya gazeti la Lali, nyuma ya soko la Fugalei. Toleo la mwisho kabla ya uchaguzi lilikuwa linaingia mtamboni saa sita mchana. Mhudumu wa hoteli alikuwa amechungulia ndani ya mkoba, akaona jina la Mama Selepa Tuuau kwenye karatasi za benki. Mama Selepa alikuwa nesi mstaafu na mgombea ubunge, na ndiye peke yake aliyetamka jukwaani kwamba meli za Krail hazitapewa tena bahari ya Samoa kwa bei ya kutupa.

Saa sita karatasi zile zikichapwa, Mama Selepa kwisha.

Hilux ilikuwa mbele, magari manne tu. Masina akapita la kwanza. Akapita basi. Akalipigia honi lori la magimbi, dereva akamtolea ulimi.

Magari mawili.

Moja.

Halafu tarumbeta.

Bendi ya polisi, kama kila asubuhi ya siku ya kazi, helmeti nyeupe vichwani na lavalava za buluu viunoni, ilikuwa inaingia Barabara ya Pwani kwenda kupandisha bendera. Magari yote yakasimama. Hilux ilikuwa imeshapita.

"Kasa, uko wapi?"

"Nyuma ya ngoma kubwa, Mkuu."

"Unasema nini?"

"Bendi. Bendera."

Hata Mkuu Vaega, ambaye hutukana kila kitu, hakuthubutu kuitukana bendera.

Masina akazima injini, akajifuta jasho. Duniani kote majasusi huponyokwa na watu kwenye treni za kasi na boti za mashine. Yeye anaponyokwa kwa sababu ya wapiga filimbi. Alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyechoka.

Alipofika Lali, Krail alikuwa anashuka ngazi. Mrefu, mwekundu kwa jua, kiatu kinang'aa. Akamshikia mlango.

"Pita, mama," alisema, bila kumtazama.

Aliona gauni la puletasi lenye maua na kikapu cha sokoni, basi. Glock iliyokuwa chini ya kitambaa cha kikapu hakuiona, wala kalamu ya kunasa sauti kifuani. Mwanamke wa makamo haonwi na mtu, na kwa miaka ishirini na tano Masina alikuwa amekula mshahara kwa hilo.

Lakini mikono ya Krail ilikuwa mitupu.

"Mkuu, kapu limefika jikoni," aliiambia simu ya upepo, aliyoitoa kikapuni.

"Basi safisha jiko lote. Makapu yote mawili. Umenielewa?"

Alimwelewa, na moyo ukamshuka. Kapu la pili lilikuwa habari ya Waziri Lafaele Aumua. Kwa miezi miwili Lali lilikuwa linachimbua nyumba mbili za Waziri kule Auckland, ambazo hazikuwemo kwenye fomu yake ya mali. Na Waziri ndiye aliyekuwa akitia saini bajeti ya idara yao. Ndiyo maana Mkuu alikuwa na haraka leo, yeye ambaye kwa kawaida haamki kabla ya saa nne.

Akapanda ngazi, moja moja, akilisema goti.

Chumba cha habari kilikuwa na meza tatu na feni moja. Mama Eseta, msomaji wa prufu tangu enzi za herufi za risasi, alikuwa anamimina koko ya moto kutoka birika la bati. Mhariri, Tapu Seumalo, alikuwa ameinamia karatasi, macho mekundu.

"Dada Masina! Wa idara ya samaki!" Tapu alisema; kazi hiyo ya bandia hakuwahi kuiamini. "Leo unamtafuta samaki gani?"

"Mkubwa. Ametoka hapa sasa hivi." Akavuta kiti bila kukaribishwa. "Nionyeshe alichokuletea."

"Siwezi. Ni siri ya gazeti."

"Tapu. Nimekubeba mgongoni ukiwa huna suruali."

Mama Eseta akakohoa ndani ya kikombe. Tapu akasukuma faili.

Ilikuwa stakabadhi ya benki, tawi la Apia. Fedha taslimu, tala laki mbili, kutoka kampuni ya uvuvi kwenda kwa Selepa Tuuau. Muhuri. Saini. Ya zamani, lakini safi.

"Yaani anawapigia kelele hadharani na alishakula kwao," Tapu alisema. "Ndiyo inakwenda ukurasa wa kwanza."

"Umempigia simu mwenyewe?"

"Bado."

"Utampigia saa ngapi?"

"Simpigii. Krail amesema nisipochapa saa sita, anawapelekea wengine. Nikimpigia, atakimbilia mahakamani."

"Na Waziri? Nyumba zake ulimpa muda gani wa kujibu?"

"Siku kumi na nne. Akajibu ni za shemeji yake. Nimeweka jibu lake neno kwa neno."

"Waziri siku kumi na nne. Nesi hata dakika kumi na nne hapati. Kwa nini?"

Tapu akakuna kichwa. "Waziri ana wanasheria."

"Ahaa. Kwa hiyo haki kwenu ni ya wenye wanasheria."

"Usinionee, dada! Sijalala siku tatu. Karatasi za kuchapia zimebaki za toleo moja. Watu wanasema tunamwandama Waziri peke yake, tunampendelea mama huyu. Nikaona hii itasawazisha."

"Kusawazisha," Masina alirudia. Neno lile lilimchosha kuliko ngazi. Akaisoma stakabadhi tena, polepole, kama anavyosoma mtu asiyetaka kuamini.

Kidole chake kikasimama kwenye tarehe.

Ijumaa, 30 Desemba 2011.

Akaiweka karatasi mezani.

"Tapu, baba yangu alikufa lini?"

"Eh? Wiki ya mwaka mpya. Niliimba besi kwenye mazishi."

"Siku gani?"

"Alhamisi alfajiri. Mchungaji akatangaza Ijumaa ya kukaa na maiti, Jumamosi saa nne tuzike. Wachimbaji wakajipanga, nguruwe wakafungwa..." Akasita. "Halafu Mama Eseta akasimama palepale msibani, akasema, Mchungaji, kesho hakuna Ijumaa."

"Kesho ni Jumamosi," Mama Eseta alimalizia, birika mkononi. "Mzee wa watu alisahau. Nchi nzima ilikuwa imetangaziwa, yeye akasahau."

Mwaka ule Samoa ilivuka mstari wa tarehe, iende na kalenda ya majirani wanaofanya nao biashara. Watu walilala Alhamisi, wakaamka Jumamosi. Tarehe thelathini haikuwahi kupambazuka Apia. Hakuna benki iliyofungua siku hiyo, kwa sababu siku yenyewe haikuwepo.

"Nilipangiwa siku moja ya kukaa na baba," Masina alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Moja tu. Serikali ikaifuta. Mama Selepa ndiye aliyemwosha. Nilimlilia begani. Niliwachukia watu wa kalenda mwaka mzima, Tapu. Usiniambie kuna mtu alikuwa benki anahesabiwa noti siku yangu ile."

Tapu alikaa chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekaribia kumgonga mtoto barabarani.

"Ningeichapa," alisema. "Ee Mungu, ningeichapa."

"Ungempigia, angekwambia mwenyewe. Sasa mwite Krail. Mwambie unataka aithibitishe."

Krail alirudi baada ya dakika tano. Masina alikuwa anafuta meza kwa kitambaa. Kifuani, kalamu inanasa.

"Tatizo nini tena, ndugu yangu?" Krail alikuwa na tabasamu la haraka. Kiswahili cha hadithi hii hakimtendei haki; alikuwa na sauti nzuri kweli.

"Dogo tu," Tapu alisema. "Wasomaji watauliza nani alishuhudia."

"Mimi hapa! Nilizibeba fedha hizo mwenyewe."

"Ijumaa hiyo?"

"Ijumaa hiyohiyo. Nakumbuka vizuri. Jua kali, foleni ndefu benki. Mama alikuwa amevaa nguo nyeupe."

Feni ikazunguka.

Mama Eseta ndiye aliyeshindwa kujizuia. Alianza kwa kukoroma, kisha akacheka mpaka machozi. "Foleni ndefu! Jamani, foleni!"

Krail hakuelewa mzaha, lakini alielewa hatari. Mkono ukaingia kotini, ukatoka na Beretta.

"Faili. Leteni faili!"

Masina alipima umbali. Hatua nne. Zamani angeziruka. Leo goti lilimwambia ukweli.

Hakuhitaji kuruka. Birika zima lilipita hewani kutoka mkononi mwa Mama Eseta, koko ikatua kwenye shati la Krail, ya moto, nzito, na punje zake zote. Akapiga yowe. Bastola ikaanguka. Masina akaipiga teke chini ya meza, akamwekea Glock chini ya sikio.

"Tulia, mwanangu. Nimechoka, na mtu aliyechoka mkono wake hutetemeka."

Krail akatulia.

Polisi waliokuwa karibu walikuwa wa bendi. Walikuja wawili na helmeti zao nyeupe, mmoja bado na tarumbeta kwapani. Walimteremsha Krail ngazi kwa ngazi, akidondosha koko.

Tapu alikuwa tayari kwenye simu, spika wazi.

"Mama Selepa? Ni Tapu wa Lali. Nilikuwa nakuchapa ukurasa wa kwanza kwa karatasi ya kughushi, bila kukuuliza. Naomba radhi. Leo tunachapa hivyohivyo ilivyokuwa, na kosa langu limo."

"Ulitaka kuniua, baba," sauti ya kizee ilisema. "Umesema sasa. Haya."

"Na kwa kuwa nimekupata, mama. Lile lori lililoko uani kwako halimo kwenye fomu yako ya mali. La nani?"

Mama Eseta akashika kichwa. Masina akatabasamu.

"La marehemu mume wangu! Halina injini. Lakini kweli, sikuliandika. Weka. Na uweke kwamba kuku wanalala ndani."

Saa sita kamili mtambo ulianza kunguruma, sakafu ikatetemeka. Simu ya upepo ikalia kikapuni.

"Kasa! Jiko limesafishwa?"

"Kapu bovu ninalo, Mkuu. Mwenye kapu yuko na polisi."

"Na la pili?"

Masina alizitazama karatasi zikitoka: nyumba za Waziri, jibu la Waziri, karatasi ya kughushi, lori la kuku. Angeweza kuusimamisha mtambo kwa kidole kimoja. Kitambulisho kilikuwa mfukoni. Miezi minane ilikuwa mfukoni.

"La pili si bovu."

"Sikukuuliza kama ni bovu! Nimesema lisitoke!"

"Limeshatoka."

"Unajua anayetusainia mshahara ni nani? Unajua?" Mkuu Vaega alikuwa anahema. "Basi sikiliza. Kuanzia Ijumaa huna kazi!"

Masina alichukua nakala moja, bado ina joto, akaiweka kikapuni juu ya Glock. Akaanza kushuka ngazi, goti likilalamika.

"Ijumaa ipi, Mkuu?" aliuliza, akaizima simu.