Geti Kabla ya Nyumba

Basi siku ile ukumbi wa ofisi ya ardhi ulifurika watu hadi mlangoni. Feni za darini zilizunguka bila kumpoza mtu, na karani alikuwa akiita namba kwa sauti ya kugomba, utadhani watu wote wale wamemkosea yeye. Katikati ya vurugu hiyo alisimama fundi mmoja wa mageti, ambaye karakana nzima ilimwita Cheche, akitafuta mahali pa kuwekea karatasi. Meza hakuna. Dalali wake akainama, akampa mgongo.

"Saini hapa hapa, kaka. Nyumba nzuri haimngoji mtu."

Cheche akatoa kalamu. Alikuwa kavaa shati lake jeupe la heshima, limepigwa pasi likanyooka, ingawa ukitazama mikononi ungeona vitundu vidogo vidogo vya moto wa kuchomelea. Hakuwa na shati lisilo na vitundu, na wala hakuvionea haya.

"Samahani, kaka," sauti ya kike ikasema nyuma yake. "Nyumba ya maisha yako unaisaini mgongoni kwa mtu?"

Akageuka. Lo! Mwanamke huyo alivaa suti ya kijani iliyokolea, miwani kaipandisha juu ya nywele, faili kwapani. Uso umetulia tuli, ila macho yanacheka.

"Dada, na wewe ni nani?"

"Wakili. Kazi yangu ni hizi hizi nyumba, zinaponunuliwa na zinapouzwa. Hati ya hiyo unayonunua ni ya nani?"

"Ya muuzaji."

"Nani kasema?"

Cheche akamtazama dalali. Dalali akajinyoosha polepole, akajifanya anatafuta simu mfukoni, na meza ikawa imekwenda zake.

Hivyo ndivyo Cheche alivyopata wakili, na moyo wake nao ukapata pa kwenda. Wateja walimwita mama huyo Wakili Bado. Ukimuuliza, "Tulipe sasa?" alijibu, "Bado." Ukimuuliza, "Tuhamie?" alijibu, "Bado." Walinung'unika, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuuziwa nyumba ya mtu mwingine akaishia kulala nje. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na ulikuwa ukiliona katika mwendo wake.

Cheche akawa haishiwi na sababu za kumpigia simu.

"Mpenzi, umeamka?"

"Niko kazini tangu asubuhi. Wewe vyuma vyako vimekukimbia?"

"Vipo. Nilitaka kujua tu kama umeanza kunipenda."

"Bado."

"Hata kidogo?"

"Upekuzi unaendelea, mheshimiwa. Tulia."

Cheche akacheka mpaka akavua miwani ya kazi afute machozi.

Jioni moja, wakitembea kutoka ofisini kwake, alipiga moyo konde akasema, "Siku nitakayokabidhiwa ufunguo, ndiyo siku nitakayokuja kwenu kukuposa. Sitaki kukuweka kwenye chumba cha kupanga."

Wakili akasimama. "Kwa hiyo mimi nangoja nyumba?"

"Unangoja mwanamume aliyejiandaa."

Hakumjibu. Cheche naye, kwa kujiamini kwake, akadhani kunyamaza ni kukubali.

Tusidanganyane, kila mtu ana wazimu wa kazi yake. Siku muuzaji alipomtembeza kwenye ile nyumba, wengine wangetazama bati na mabomba. Cheche alitazama mwanya wa ukutani tu, pale pasipokuwa na geti. Uani palikuwa na mama mmoja anaanika nguo, Cheche akamwamkia, "Shikamoo, mama," na muuzaji akanong'ona, "Mpangaji huyo, atahama." Cheche hata hakulitilia maanani. Keshatoa futi yake, anapima nguzo.

Akaenda akalitengeneza geti la nyumba isiyo yake. Alilifua kwa mikono yake, majani ya chuma moja moja, na katikati akaweka jua linalochomoza. Hakuna duka lenye geti kama lile. Mama yake alipokuja karakanani alilipapasa kwa kiganja, akasema, "Mwanangu, baba yako angeliona hili asingekaa kitako siku nzima." Cheche akasimama kifua mbele, hajiwezi kwa fahari.

Wakili naye alilizunguka geti mara mbili. Kisha akasema, "Mikono yako ina akili kuliko vichwa vya watu wengi ninaowajua. Lakini nyumba bado, Cheche. Ungengoja."

"Wewe hangaikia hati, mimi niachie chuma."

Siku ya kuamkia kusaini, mama yake na shangazi zake wawili walikuwa wamejaa karakanani kulitazama lile geti kwa mara ya mwisho kabla halijapakiwa. Simu ikalia.

"Cheche, kesho hatusaini," sauti ya wakili ilikuwa nzito. "Na hela haitoki."

"Unasemaje? Ndugu zangu wote wako hapa!"

"Nimekwenda kwenye ile nyumba, nimekuta jambo. Si la kulisema kwenye simu, mwenye jambo kaniomba kwanza azungumze na wanawe. Njoo ofisini nikueleze."

Shangazi mkubwa akaguna. Cheche akaona jasho linamtoka. Likamjia wazo moja baya, likamkaa: ufunguo ukipatikana, posa inafuata, na huyu haitaki posa.

"Si ungesema tu kuwa hunitaki!" akafoka. "Unaizuia nyumba ili nisije kwenu. Kila kitu bado, bado! Nitatafuta wakili mwingine."

Wakili akasema polepole, "Tafuta. Ila kazi yangu siifanyi ili nikupendeze." Simu ikakatika.

Wiki zikapita. Hakuna aliyempigia mwenzake. Wote wawili shingo ngumu. Cheche alichomelea madirisha ya watu huku geti limemkodolea macho kutoka pembeni. Alikonda, bwana. Alikuwa akiwaza nyumba mchana, na jioni, saa ya kumsindikiza mtu kutoka ofisini, anajikuta hana pa kwenda.

Dalali, ambaye hakuwa na haya, akampigia. "Muuzaji yuko tayari. Nimekupatia wakili asiye na maswali. Kesho tumalize."

Cheche akakubali, kwa hasira tu. Kabla ya hapo akapita kwenye ile nyumba apime tena mahali pa bawaba. Yule mama wa kuanika nguo akatoka, akamkuta na futi mkononi.

"Wewe ndiye fundi wa geti?"

"Ndiye, mama. Shikamoo. Samahani, najua wewe mpangaji unataka kuhama kwa amani..."

"Mpangaji!" Mama akaweka beseni chini. "Mwanangu, mimi humu niliingia bibi harusi. Watoto wangu wanne wamejifunzia kutembea hapo unapokanyaga. Mume wangu ndiye anayeuza, na mimi sijamkubalia."

Futi ikajikunja yenyewe, tap, ikarudi ndani ya kasha lake.

"Wakili wako alikuja peke yake," mama akaendelea. "Huwa anakwenda kila nyumba kabla ya saini, akaniambia, kumuuliza anayeishi ndani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, si mume, si dalali, wala wewe. Nikalia. Akaniambia, 'Usilie, mama. Mteja wangu namjua. Hawezi kufunga geti zuri kwenye nyumba ambayo mtu katolewa akilia.'"

Cheche akageukia ukuta ili mama asimwone uso. Aibu ilimkamata, lakini ndani ya ile aibu mlikuwa na fahari ambayo hakuwahi kuipata hata kwa kazi ya mikono yake. Mwanamke yule alikuwa amemwamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Akampigia dalali, akamwambia asimtafute tena. Asubuhi yake akalipakia geti kwenye mkokoteni.

Adhuhuri akaingia ofisini kwa wakili na mikono yake myeusi, jasho mgongoni. Benchi limejaa wateja. Wakili, safari hii katika gauni la bluu, akainua macho kutoka kwenye faili.

"Hapa ni ofisi."

"Najua. Nilikutukana mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu. Nilidhani unanikimbia, kumbe ulikuwa unanilinda mimi na yule mama. Nimekosa."

Mzee mmoja kwenye benchi akakohoa. "Msamehe, binti yangu. Foleni iende."

Wakili akajizuia kucheka. "Geti liko wapi?"

"Nimelifunga kwa yule mama. Limeenea barabara. Lilikuwa lake toka mwanzo, mimi ndiye nilikuwa sijui."

Macho ya wakili yakalengwa na machozi. Akayapangusa haraka.

"Kuna nyumba nyingine," Cheche akasema. "Ndogo. Ya mwalimu mstaafu na mkewe, na wote wawili wanataka kuuza, nimewauliza mwenyewe. Naomba unisimamie."

"Hapana. Tafuta wakili mwingine."

Moyo ukamdondoka Cheche. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemrudia. Akageuza mguu kuelekea mlangoni.

"Na wewe hujifunzi kuuliza!" Wakili akainuka. "Uliza kwa nini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mwenye akili hajisimamii mwenyewe. Nyumba hiyo tunanunua wawili, hati itakuwa na majina mawili. Mwenzangu wa mlango ule atatusimamia, na ni mkali kunishinda. Mimi sikuwahi kungoja ufunguo, Cheche. Nilikuwa nakungoja wewe uache kuungoja."

Cheche akashika ukingo wa meza. "Kwa hiyo upekuzi umekwisha? Unanipenda?"

"Bado!" benchi zima likaitikia, likaangua kicheko.

"Nyamazeni," wakili akasema, akaishika ile mikono myeusi bila kujali gauni lake. "Ndiyo. Nampenda."

Hakuna mteja aliyewahi kumsikia akijibu hivyo. Mzee wa benchi akapiga makofi. Cheche, kichwa juu, meno yote nje, akatoa futi yake mfukoni.

"Basi niende nikapime geti?"

"Hilo," akasema wakili, "bado."